Kichwa cha Tano

Jumatatu, 4 Machi

Tumekataliwa. Dada wa ofisi ya ustawi kasema kwa upole, ule upole unaouma kuliko matusi, kwamba mshahara wangu umepita kiwango cha familia ya watu wanne. Umepita kidogo tu, kasema. Hela ya sabuni. Kwa hiyo mke wangu akae na mtoto wa jicho kwa sababu ya sabuni! Kadi ya msaada ndiyo ingelipia upasuaji. Na fundi cherehani asiyeona tundu la sindano atashona nini? Juzi kapachika mkono wa gauni kwenye shingo. Tulicheka wote. Kisha akainama kutafuta mkasi, akakaa huko chini muda mrefu, nami nikajua analia.

Mke anataka tukate rufaa. Dada kamwambia wagonjwa wana utaratibu wao wa rufaa. Rufaa ni ya watu walioishiwa akili. Mimi akili ninazo.

Jumanne, 5 Machi

Nimemwomba bosi anipunguzie mshahara. Tangu afungue duka lake la rangi na misumari hajawahi kuombwa hivyo. Kaniangalia weee. Kisha kafunga mlango na kuanza kuhesabu makopo ya rangi. Nikamwuliza kulikoni. Kasema mtu asiyetaka mshahara ana mshahara mwingine mahali. Tumehesabu mpaka jioni, bawaba kwa bawaba.

Jumatano, 6 Machi

Hakuna kilichopungua. Bosi kaona haya, kaniomba radhi mbele ya wenzangu, na kwa uaminifu wangu kaniongezea mshahara. Nikajaribu kukataa. Machozi yakamlengalenga, akaongeza tena.

Kweli kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui.  Mke kauliza tu kama sasa tukate rufaa. Nimemwambia atulie, nafikiri.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata! Kiwango kinakwenda kwa vichwa. Watu wakizidi nyumbani, kiwango nacho kinapanda. Ndiyo maana jirani yetu Kinyozi, mwenye watoto saba, anayo kadi, na anaiweka mfuko wa shati ipate kuchungulia. Sisi tunahitaji kichwa cha tano. Na kichwa kipo: mama mkwe, mjane, anaishi peke yake mtaa wa pili.

Nimekwenda kumwamkia. Nimemwambia si vizuri mzazi akae mpweke na watoto tupo. Kalia. Kasema miaka yote aliniona mtu wa ovyo, kumbe alinikosea. Nikajisikia vibaya kidogo. Kidogo tu.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mkwe kahamia na kitanda, redio na mabegi yake. Kiti changu sasa ni chake. Redio haizimwi. Kuoga kumekuwa kazi ya heshima: siwezi kupita sebuleni na taulo mbele ya mkwe, kwa hiyo naingia bafuni na shati, suruali na soksi, na natoka hivyo hivyo, nimelowa.

Ila jioni nimewakuta mtu na mama yake wamekaa kwenye cherehani, mzee anamtungia bintiye uzi kwenye sindano. Ilinibidi nitoke nje.

Jumanne, 12 Machi

Balaa. Dada wa ustawi kaja kukagua. Nilimpokea mlangoni kama bwana harusi. Kahesabu vichwa: vitano, safi kabisa. Kisha kamtazama mama mkwe, kamwuliza kama si yeye yule mama mwenye kadi mtaa wa pili. Kumbe ana kadi yake! Ndiyo inayompa dawa za presha. Aliipata kwa kuwa anaishi peke yake, hana wa kumtunza. Sasa anaishi na mkwe mwenye mshahara, tena ulioongezwa juzi.

Kadi yake imesimamishwa. Yetu hatukupata, maana ile huruma ya bosi imetuvusha hata kiwango cha watu watano. Kidogo tu. Hela ya kiberiti.

Tulimwuliza mama kwa nini hakusema. Kajibu hakutaka mkwe ajue kuwa anasaidiwa. Aliona aibu. Hapo nami nikaona yangu. Dawa zake zimebaki za wiki hii tu. Mke hajanitukana, kahesabu vidonge vya mama yake kwa kupapasa, na heri angetukana.

Alhamisi, 14 Machi

Mama mkwe karudi kwake. Kitanda nimekibeba mwenyewe. Dada wa ustawi kaahidi kumtembelea Jumanne. Akimkuta yuko peke yake, kadi itarudi. Mke kamsindikiza mama yake ofisini, wamechelewa kutoka.

Jumatatu, 18 Machi

Nilikosea upande! Kama kuongeza kichwa hakusaidii, basi tupunguze. Kipi? Changu, chenye mshahara. Nikihama, nyumbani anabaki mgonjwa na watoto wawili wasio na kitu. Kiwango hawakigusi hata kwa ngazi. Nimebeba godoro mke akiwa sokoni.

Nihamie wapi? Kwa mtu mwenye nafasi, anayeishi peke yake. Mama mkwe kafungua mlango, kauliza kama tumegombana. Nimesema hapana, ni mipango.

Jumanne, 19 Machi

Dada wa ustawi kafika asubuhi na mapema, mimi bado nakoroma sebuleni. Kauliza huyu ni nani hapa. Nikaanza kueleza, na karatasi ya mshahara nimeshaitoa mfukoni. Mama mkwe kaniwahi. Kasema huyu ni mgeni, alipitiwa na usingizi, na anaondoka sasa hivi. Kanitwisha godoro kwa mikono yake. Dada kaangalia dari muda mrefu, midomo kaibana, kisha kaandika. Kadi ya mama imerudi.

Nimepita mtaani na godoro kichwani. Kinyozi kamwacha mteja na nusu ya nywele ili anitazame vizuri.

Nyumbani mke kanipokea na habari. Ile Alhamisi aliyochelewa, alikata rufaa. Imekubaliwa. Upasuaji Ijumaa. Nimekaa juu ya godoro langu na kulia mbele ya watoto, wala sikujali.

Jumatatu, 25 Machi

Bandeji imetoka. Mke kanitazama weee, kasema nimezeeka na vifungo vya shati nimevikosea. Kisha kachukua sindano, katunga uzi mwenyewe, mara moja tu ukapita. Sijaona kitu kizuri kama hicho.

Tatizo ni miwani. Daktari kasema lazima avae, na kadi hailipii. Miwani ina mfuko wake, mfuko una kiwango chake, na tumekipita kidogo. Mke kasema kesho anakwenda kukata rufaa. Nimemwambia asijisumbue. Mama mkwe ana dada yake, mjane, nyumba nzima yuko peke yake. Nimeshamtumia salamu.