Ndege Kumi na Saba za Mkurugenzi

Mamlaka ya Vivuko vya Waenda kwa Miguu iliutangazia umma, kwa furaha na kwa nakala tatu, kwamba imeunda Kamati Maalumu ya Kuchagua Fimbo ya Kurushia Ndege Nyumbani kwa Mkurugenzi. Wananchi waliombwa wawe watulivu wakati kamati ikiendelea na kazi.

Asiyejua mambo ya ofisi angeuliza mamlaka inayochora mistari myeupe barabarani ina uhusiano gani na ndege. Swali hilo liliulizwa kikaoni na mzee wa rangi, mchoraji wa mistari yenyewe, na likajibiwa vizuri tu. Mkurugenzi alieleza kuwa kiongozi anayewatazama watu kutoka chini huona miguu peke yake. Akitaka kujua wanavukia wapi, ni lazima apae. Kwa kuwa Mamlaka haikuwa na ndege hata ya karatasi, angepaa sebuleni kwake, kwenye kompyuta, kwa ule mchezo wa kurusha ndege, kila Jumamosi saa nne asubuhi. Kilichokosekana ni fimbo ya kuongozea, ile ambayo vijana huiita joistiki. Mzee wa rangi akasema ameelewa. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu.

Katibu wa kamati alikuwa Kaimu. Jina lake analo, na mama yake mzazi analikumbuka, lakini alikuwa amekaimu nafasi ya Afisa Ugavi miaka kumi na moja na miezi tisa, mpaka cheo kikageuka jina. Binti yake alizaliwa mwaka ule ule wa barua ya kukaimu. Sasa yuko darasa la sita, na mwalimu alipomuuliza mama yake anafanya kazi gani, alijibu bila kusita: "Anakaimu."

Waraka wa Wizara ulikuwa hauna huruma. Ukifikisha miaka kumi na miwili unakaimu bila kuthibitishwa, unarudi ulikotoka. Kaimu alitoka masjala, chumba cha chini, ambako mvua ikinyesha mafaili huanikwa kama nguo. Alikuwa amebakiza miezi mitatu. Barua yake ya kuthibitishwa ilikwishachapwa zamani na ilishinda kwenye mkoba wa Mkurugenzi ikingoja sahihi. Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kungoja siku nzuri. Katika kikao cha kwanza cha kamati alitamka maneno, na Kaimu akayaandika kwenye muhtasari neno kwa neno: "Siku nitakapotua salama, siku hiyo hiyo nitasaini."

Kuanzia hapo Kaimu alitaka ndege itue kuliko hata mwenye ndege.

Mchana ule ule akaenda kwa fundi kompyuta, kibandani kwake nyuma ya soko. Fundi alikuwa mtu wa maneno mengi lakini kazi anaijua. Akamwambia achague fimbo ambayo mpini wake unazunguka, kwa sababu ukiuzungusha ndipo mkia wa ndege unapogeuka na ndege inakaa sawa juu ya njia. Kitako kiwe kizito kisije kikateleza mezani. Na pembeni pawe na kiwiko cha kuongeza na kupunguza nguvu ya injini. Kisha akamketisha ajaribu, maana alisema hauzi kitu ambacho mteja hajakishika. Kaimu alianguka siku ya kwanza, akaanguka ya pili. Siku ya tatu alirudisha kiwiko nyuma taratibu, akainua pua kidogo, magurudumu yakagusa njia, na roho yake ikatulia kabisa.

"Umeona?" fundi akasema. "Ndege haitaki ubabe."

Jumamosi kamati ikahamia sebuleni. Fimbo ilikaa kwenye meza ya kulia chakula, na wajumbe wakapangwa nyuma yake kwenye viti safu mbili, kama abiria, kwa sababu Mkurugenzi alisema uzito una maana. Mke wa Mkurugenzi, aliyenyang'anywa meza yake na sasa anakula ameshika sahani mkononi, alisimama mlangoni na ufagio.

"Leo mnaanguka saa ngapi?" akauliza. "Nataka kufagia."

Mkurugenzi aliikaba fimbo kama anakaba mwizi, akapaa vizuri, akazunguka, akaukuta uwanja, akauendea kwa nguvu zote za injini, na ndege ikaingia ardhini. Mzee wa rangi alipiga makofi kwa mazoea, kisha akaacha.

Kaimu aliandika: ndege ilianguka. Mkurugenzi akausoma muhtasari, akavua miwani.

"Andika vizuri. Chini ilifika, haikufika?"

"Ilifika, bosi."

"Basi imetua. Andika ilitua kabla ya muda uliopangwa. Kisha andika kwamba fimbo ni nyepesi."

Akausaini muhtasari. Kaimu akatazama mkoba uliokuwa na barua yake. Mkurugenzi akacheka, akamwambia asiwe na haraka. Huku kulikuwa kutua kwa kwenye karatasi, kule kwa barua kutakuwa kutua kwa kweli.

Kamati ikachagua fimbo nzito. Ikachagua nyingine yenye kiwiko cha nguvu kilichojitenga, kinachofungwa mezani kwa skrubu, na skrubu zikaacha alama ambazo mke wa Mkurugenzi alizihesabu kwa sauti mbele ya wageni. Ndege ikaangukia uwanja wa mpira. Muhtasari ukasema ilitua katika eneo lenye nafasi ya kutosha. Zikaja pedali za miguuni. Mkurugenzi alizikanyaga zote mbili kwa pamoja, kwa viatu vya ofisini, na ndege ikazama ziwani. Ilitua kwa ulaini mahali penye maji. Ukaja usukani wa nusu duara kama wa ndege kubwa za abiria, na ndege ikabomoa jengo la ghorofa tano. Ilitua karibu na huduma muhimu za kijamii.

Kila kifaa Kaimu alikijaribu kwanza kibandani, saa ya chakula cha mchana, na kila kifaa alitua nacho. Alijua tatizo liko wapi. Jumamosi moja akajikaza, akamwambia bosi kwamba ukiukaribia uwanja inabidi urudishe kiwiko, upunguze mwendo.

"Mimi nimefika hapa nilipo bila kupunguza," Mkurugenzi akasema. "Tafuteni fimbo."

Miezi ikayoyoma, na kuna Jumamosi ambazo ndege zilianguka mbili. Zilipobaki siku kumi Kaimu aende masjala, na ndege zikiwa zimefika kumi na saba, barua ikaingia kutoka Wizarani. Kila muhtasari wa Mamlaka hupelekwa nakala huko, na katika historia ya Mamlaka haujawahi kusomwa hata mmoja. Sasa alikuwa amepatikana mtu wa kuusoma. Wizara ilisema inayo ndege ndogo ya kunyunyizia dawa ya nzige, rubani wake yuko masomoni, na imefurahishwa na taarifa kwamba Mkurugenzi ametua mara kumi na saba katika mazingira tofauti, yakiwemo ya maji. Hivyo amepangiwa kuirusha Jumatatu, saa moja asubuhi. Aje na kofia yake.

Mkurugenzi alimwita Kaimu ofisini, akafunga mlango mwenyewe. Jasho lilikuwa linamtoka na feni inazunguka. Akasema muhtasari una makosa madogo madogo ya uandishi na ungepaswa kurekebishwa leo leo.

Kaimu hakubisha. Alifungua kitabu cha kanuni, akaanza kusoma kwa upole. Muhtasari uliokwisha kusainiwa unaweza kurekebishwa na katibu aliyethibitishwa kazini tu. Anayekaimu anaandika, harekebishi.

"Kanuni ya kijinga. Nani aliitunga?"

"Wewe, bosi. Picha yako iko ukurasa wa nne."

Mkurugenzi alitazama dirishani, juu, mawingu yalipokuwa. Kisha akauvuta mkoba, akaitoa barua iliyojikunja pembe zote nne, akasaini. Kaimu aliipokea kwa mikono miwili. Alifurahi mpaka machozi yakamlenga, akayarudisha, maana alikuwa hajamaliza. Aliteremka kwanza masjala, barua ikapigwa muhuri na kuingizwa kwenye daftari. Ndipo aliporudi juu, akiwa Afisa Ugavi kamili, akaufungua muhtasari. Mahali kumi na saba palipoandikwa ilitua akalikata neno kwa mstari, akaandika ilianguka, na kila alipokata Mkurugenzi alisaini pembeni. Nakala ikapelekwa Wizarani siku ile ile.

Jibu lilichukua siku mbili, jambo ambalo halijawahi kutokea. Wizara ilimshukuru Mkurugenzi kwa uaminifu wake na kumwondolea jukumu la nzige. Iliongeza kwamba mtu aliyeangusha ndege kumi na saba huku kamati nzima ikiwa ndani hawezi kuhesabiwa kuwa amethibitishwa katika nafasi yoyote ya kuongoza chochote. Hata hivyo Wizara inathamini uzoefu. Hivyo ataikaimu nafasi yake mwenyewe hadi atakapotua salama mbele ya kamati, kwa ushahidi wa maandishi wa katibu. Ule ukomo wa miaka kumi na miwili unamhusu pia.

Jumamosi saa nne kamati ilikuwa sebuleni. Ilikuwa imerudi kwenye fimbo ya kwanza, ile nyepesi. Mke wa Mkurugenzi akaja mlangoni na ufagio wake, akamuuliza Afisa Ugavi afagie sasa au asubiri.

"Subiri kidogo, mama."

Uwanja ukawa unakuja, njia imenyooka, pua imekaa sawa. Safari hii hata mzee wa rangi aliinuka kidogo kitini. Kilichobaki ni kiwiko tu.

"Punguza, Kaimu," Afisa Ugavi akasema, kwa upole uleule wa fundi.

Mkurugenzi akageuka kutazama ni nani anayeitwa hivyo, na ndege ya kumi na nane ikaingia kwenye shamba la mahindi. Mke wake akaanza kufagia. Afisa Ugavi akafungua daftari, akaandika tarehe, na mbele yake neno moja: ilianguka.