Majani Saba ya Nyuma

Jumatano, 3 Oktoba 1956

Nimemaliza. Landrova yangu sasa ndiyo ndefu kupita zote kutoka Tanga mpaka Pangani. Nimeiinua kwa vipande vya boriti za mkoko, kimoja kila gurudumu, kati ya ekseli na springi. Wenzangu boriti wanajengea nyumba. Mimi nimejengea gari. Kigombe nzima ilitoka kutazama, na mbuzi wa jirani alipita chini yake bila kuinama. Idarusi, yule mwenye lori la nazi, akauliza kama abiria wangu watapanda kwa ngazi au watakwea kama wagema. Wivu huo.

Chiku binti Mwinyijuma naye alitazama, akasema mtu akikaa juu ya gari lile Pemba ataiona. Nimeyarudia maneno hayo kutwa nzima. Nampenda, sina haja ya kuficha katika shajara yangu mwenyewe.

Tatizo ni moja, tena dogo. Watu wanne wakikaa nyuma, na gari linakaa. Springi zimechoka. Na wakati wenyewe si mzuri, maana nimeposa. Mshenga wangu, Mzee Zubeiri, amerudi na neno la Mzee Mwinyijuma: jibu nitapata baada ya maulidi ya Pangani, na je, nitaweza kumpeleka huko yeye na watu wa nyumba yake? Nimesema bila shaka. Ule si mwaliko, ni mtihani.

Alhamisi, 4 Oktoba

Nimekwenda kwa Tadeo, fundi wa shamba la mkonge. Mkatoliki, mtu wa bara, hana adabu na magari ya watu. Alilitazama gari langu akacheka mpaka akakaa juu ya pipa. Akanishauri nitoe boriti. Nikamwambia sikuja kutaka ushauri, nimekuja kutaka springi, tena rahisi, maana za dukani Tanga ni za matajiri.

Akaniambia Mwera, ng'ambo ya mto Pangani, kuna lori bovu linaota majani porini, na mlinzi wake ni Fanueli, Mshambaa mmoja mpole. Springi zake bado nzima. Nichomoe vyuma viwili, niongeze juu ya vyangu, basi. Kisha akaniambia jambo ambalo limenifurahisha kuliko yote: kila chuma cha springi, kwa lugha ya mafundi, huitwa jani. Jani! Kuanzia leo sitamki tena neno springi. Springi hata Idarusi anasema.

Na kwa nini mawili? Nitachukua saba.

Ijumaa, 5 Oktoba

Baada ya sala nimekaa barazani msikitini na wazee. Nikawaamkia shikamoo mmoja mmoja, kisha nikawaeleza hali yangu. Nilieleza kidereva. Dereva wa kweli hasemi gari limepata pancha, husema nimepata pancha. Abiria ndio husema gari.

Kwa hiyo nikawaambia nyuma nimelegea. Nikitwikwa mzigo kidogo tu, nakaa chini, siinuki. Lakini wasiwe na hofu, nataka majani saba kutoka Mwera, mapana, magumu, na yakishaingia nitasimama imara hata usiku kucha. Nikaomba anayekwenda ng'ambo ya mto anifikishie salamu kwa Fanueli.

Wazee wakatazama viatu vyao. Mmoja akanishika bega akanipa pole, akasema kijana kama mimi, masikini. Niliguswa sana. Sikujua kama wazee wa Kigombe wanapenda magari kiasi hiki.

Jumamosi, 6 Oktoba

Siku ya heshima. Tangu asubuhi naletewa supu ya pweza. Bakuli la kwanza limetoka kwa jirani, la pili kwa muuza samaki, la tatu, sikuamini macho yangu, kwa Bi Sabiha, dada yake Mzee Mwinyijuma! Shangazi wa Chiku! Aliagiza ninywe yote, ninywe ya moto, na nisione haya. Nimekunywa yote. Ukiletewa supu na shangazi mtu, posa imekwisha pokewa.

Jioni Idarusi akasimamisha lori lake kunijulia hali. Aliuliza kwa sauti ya upole mgongo unaendeleaje. Nikamuuliza mgongo wa gari langu au wa lori lake, maana langu karibu litapata majani. Akaegemea mlango wa lori akacheka mpaka machozi. Wivu umempanda kichwani.

Jumatatu, 8 Oktoba

Mzigo umefika kutoka Mwera. Nikaufungua mbele ya watu, kwa fahari. Ndani mna majani. Majani ya miti! Aina saba, yamefungwa kwa ugwe, na maagizo ya mke wa Fanueli kwamba niyachemshe, nijifukize, niufunike mgongo kwa shuka nzito. Watu wakaitikia inshallah.

Watu wa Mwera hawajui ufundi. Nimeghadhibika. Kesho naenda mwenyewe.

Jumanne, 9 Oktoba

Gari nimeliacha Pangani nisiliumize, nikavuka kwa pantoni, nikatembea. Fanueli alinipokea kwa huruma nyingi, akanitolea kiti chenye mto. Nikamwambia mimi ni mzima, nataka majani ya lori. Akaniuliza mara tatu kama nina hakika. Alipoelewa alishika kichwa.

Majani saba ya chuma ni mazito. Nimeyafunga nikayabeba mgongoni mpaka kivukoni, na nilipofika ng'ambo sikuweza kunyooka. Nimetoka kwenye pantoni nimejikunja, mkono kiunoni, mbele ya soko zima la Pangani. Na nani alikuwa anapakia nazi pale? Idarusi. Alivua kofia tu.

Jumatano, 10 Oktoba

Tadeo ameyafunga. Alisema mawili. Nikasema saba. Akasema saba na yale ya zamani, gari halitakuwa na springi, litakuwa na ukuta. Nikamwambia ndiyo, ukuta, ndicho nilichokuja kutafuta. Tumepandisha wanaume wanane nyuma. Halikushuka hata unene wa kidole! Nimesimama pembeni nikilitazama, mkono bado kiunoni, moyo umejaa. Matako ya gari sasa yako juu kuliko kichwa. Linaonekana kama liko katika sijda. Jambo zuri kwa safari ya maulidi.

Jumamosi, 20 Oktoba

Maulidi. Mzee Mwinyijuma, Bi Sabiha, Chiku na wanawake wengine wawili wakapanda kwa ngazi ya fundi rangi. Mzee Mwinyijuma mwenyewe nilimsukuma kwa heshima. Chiku akakaa mwisho kabisa nyuma, juu ya majani yangu. Idarusi alitufuata na lori lake, bila aibu, polepole.

Ninakiri barabara ina mashimo. Shimo la kwanza nilisikia mtu anataja jina la Mungu. Shimo la pili waliitikia wote. Baada ya hapo nilidhani wameanza maulidi mapema, nikakaza mwendo ili tuwahi. Kofia ya mzee ilitoka dirishani karibu na mashamba ya mkonge. Nilipogeuka, watu wangu walikuwa hewani, kisha wakarudi, kisha hewani tena. Lakini nyuma hapakulegea! Nilitaka kulia kwa furaha.

Pangani, waliteremka mmoja mmoja, kila mmoja ameshika kiuno. Mzee Mwinyijuma alisikiliza maulidi yote akiwa amesimama, na wenyeji wakampa pole. Bi Sabiha akanitazama kwa muda mrefu. Walirudi Kigombe juu ya nazi za Idarusi. Nafikiri walitaka kulipumzisha gari langu.

Jumatatu, 22 Oktoba

Mzee Zubeiri amekuja. Kwanza alifunga mlango. Kisha akanieleza, huku akitazama ukuta, kwamba Kigombe yote, na Pangani, na sehemu ya Mwera, inaamini mimi si mwanamume kamili. Mgongo, majani, pweza, kila kitu akakipanga.

Nikacheka. Kisha sikucheka.

Akasema Chiku ndiye aliyeniokoa. Alimwambia baba yake kwamba lililolegea ni gari, si mimi, na kwamba yuko tayari kuolewa nami, mradi niyatoe majani matano. Mzee Mwinyijuma amekubali kwa sharti moja. Hawezi kumtoa binti yake kwa mtu anayesemwa. Ijumaa, barazani, mbele ya wanaume wote, nijisafishe jina kwa kinywa changu. Nikifanya hivyo, tarehe ya ndoa inatajwa papo hapo.

Mzee Zubeiri akaniomba jambo moja tu: niseme "gari". Akarudia. Gari, Mselem, sema gari. Nikamtoa wasiwasi. Yeye ni mtu wa punda, hajui madereva tunavyosema, lakini nina adabu, sikumwambia.

Ijumaa, 26 Oktoba

Ushindi. Naandika kanzu bado mwilini.

Baraza lilijaa mpaka nje. Mzee Mwinyijuma amekaa juu ya mito miwili. Idarusi kasimama nyuma ya watu. Nikainuka, nikawaamkia, nikawaambia wote wamenielewa vibaya. Sina maradhi yoyote. Nyuma nimepona kabisa, niko kama ukuta, na Mzee Mwinyijuma na watu wa nyumba yake ni mashahidi, wamenionja njia nzima mpaka Pangani.

Mzee Zubeiri alikuwa akinipungia mkono. Nikampungia.

Na kwa kuwa mimi ni mkweli, nikawaambia limebaki jambo dogo tu. Tangu nyuma niwe imara, mbele ndiko kulikolegea. Kumeinama, kunatazama chini. Lakini wasiwe na hofu, nimeshaagiza majani mengine.

Kimya kikubwa cha heshima. Mzee Mwinyijuma akainuka bila kushika kiuno, akaondoka mbio na viatu mkononi, na Mzee Zubeiri nyuma yake. Idarusi naye akawafuata upesi kuelekea nyumbani kwa Chiku, akiirekebisha kofia yake. Hata yeye hatimaye amekubali kushindwa, anakwenda kuwapongeza.

Nimekaa nangoja tarehe.