Babu Mmoja, Wajukuu Arobaini

Tone la maji liliangukia beseni, likafuatwa na jingine. Jua halijafika mtaa wa Kimisagara, na gizani humo Rugamba alilala chali akilisikiliza paa linavyovuja. Mkewe Shallon naye alikuwa macho.

"Uliniambia mwezi huu tunahamia Kimironko," alisema. "Ikishindikana, mimi na mwanao Shami tunarudi kwa mama Mbarara."

"Leo jioni utachagua rangi ya mapazia, mke wangu."

Hakuwa anatania. Wiki tatu nyuma, sokoni Kimironko, alimsikia Phiona, mwanamke aliyekulia Kampala, akimlalamikia fundi cherehani: kila mtu humwuliza babu zake walitoka kilima gani cha asili, naye hana jibu. Mwingine angemhurumia. Rugamba alitangaza mkutano wa wikendi wa watafiti wa koo, watu wanaotafuta asili zao: ukumbi Remera, chai na sambusa, na kwa kila mshiriki karatasi ya ukoo yenye mababu saba, "waliothibitishwa." Watu arobaini walilipa.

Ikabaki kuwapata hao mababu. Rugamba, ambaye kazi humchosha hata akiiwaza, alitunga watano tu, wa kwanza wao Mzee Semivumbi wa Gasharu, akawachapa hao hao kwenye kila karatasi. Chini akajaza baba na babu ambao kila mtu alimtajia kwa simu. Karatasi ya mfano aliiandika jina lake mwenyewe, akaibandika mlangoni. Kwani nani humwonyesha jirani babu zake?

Watafiti wa koo huonyeshana. Ndiyo kazi yao.

Jumamosi hiyo, kikombe cha kwanza hakijaisha, Achille, mfanyabiashara aliyekulia Bujumbura, alipiga kelele sambusa ikiwa mdomoni. "Ye! Semivumbi wa Gasharu ni wako pia?"

"Wangu kabisa!" alisema Phiona.

"Basi wewe dada yangu!"

Wakakumbatiana. Kufikia kikombe cha tatu ukumbi mzima ulikuwa ndugu, watu wanalia, wanacheka, wanaulizana habari za watoto. Mmoja akasoma karatasi ya mlangoni. "Jamani, hata Bwana Rugamba ni wetu!" Wakamnyanyua juu juu.

Alipotua, Achille alikuwa anafuta machozi. "Lakini kaka, tumelipa kiingilio kuja kwa ndugu yetu? Haiko hivyo! Rudisha!"

Rugamba alipiga hesabu haraka. Akisema karatasi ni za uongo, amejipeleka polisi kwa miguu yake. Akikubali undugu, mfuko wa pesa unarudi kwao, na Shallon anapanda basi la Mbarara.

Ndipo bibi mmoja aliyevaa mshanana wa zambarau, lile vazi la sherehe la kufungwa begani, akasimama. "Mimi Pudentienne. Nani hapa amenizidi umri?"

Akauzungushia macho ukumbi mzima.

"Basi ni shangazi yenu nyote. Pesa mkigawana mtazila tu. Zinunue ng'ombe wa ukoo. Na kitu cha ukoo huwekwa kwa shangazi. Rugamba, mwanangu, lete mfuko. Au una neno?"

Katika nchi ile mtu anaweza kubishana na hakimu, hata na mama mkwe akiwa na homa. Shangazi, dada wa baba yako, hubishani naye, tena mbele ya ukoo. Rugamba alitoa mfuko kwa mikono miwili, akabarikiwa kichwani, makofi yakalia. Moyoni alikuwa anacheka. Kumlaghai bibi mmoja ni kazi ya nusu saa, si kama watu arobaini. Jioni atamtembelea, atampelekea maziwa, atarudi na mfuko.

Akachukua orodha ya washiriki atafute anakoishi. Akaisoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Hakukuwa na Pudentienne.

Shallon, aliyekuja kuwamiminia watu chai, alimtazama mumewe, birika mkononi. Shami, binti yao wa miaka saba, alikuwa amesimama dirishani.

"Baba, bibi amepanda pikipiki na mfuko wetu."