Kaburi Moja, Wenyewe Wawili

Kahawa ya Mama Hortense ilikuwa haijachemka bado, pale kwenye mabenchi karibu na gare ya treni ya Kalemie, Lambert alipofika anahema. Sisi tunamuita Trotwari, yaani kando ya barabara, maana habari za muji zinapita kwake kwanza, ndipo ziende redioni.

"Mumesikia? Komini, serikali ya muji, imetangaza: kaburi isiyoandikwa jina haina mwenyewe. Watazika muntu mwingine juu yake!"

"Juu?" Mama Hortense akashtuka, kijiko mukononi. "Kama vitanda vya wanafunzi wa enterna?"

"Kabisa, mama. Mugeni juu, mwenyeji chini."

"Basi mimi munizike juu. Sitaki muntu wa kunikoromea kichwani."

Tukacheka wote, isipokuwa Papa Mardochée. Huyo alikuwa mashinisti wa treni, na tunamuita Lokomotive kwa sababu ya sauti yake. Leo ile sauti haikuwepo.

"Mimi hiyo habari niliisikia juzi. Jana nikaenda malalo, kule kwenye makaburi," akasema, "kuandika jina la marehemu muke wangu, Yvette. Nikakuta mama mumoja amepiga magoti pale pale kwenye kaburi ya Yvette, burashi mukononi. Amekwisha andika ILUNGA."

"Ilunga njo nani?"

"Bwana yake! Nikamuambia, 'Mama, umekosea kaburi.' Akanijibu, 'Papa, wewe njo umekosea. Hapa napalilia kila jumamosi.' Nikasema, 'Na mimi napalilia kila jumapili, kiisha misa!'"

Trotwari akapiga paja. "Ndiyo maana hiyo kaburi ni safi kupita ofisi ya komini!"

"Ile mvua kubwa ilibeba misalaba yote ya mbao," Mardochée akaendelea. "Kila muntu akarudi, akachagua mahali moyo ulimuonyesha. Moyo wangu na wake ikaonyesha pahali pamoja." Akashika kikombe kitupu. "Sasa kama ni Ilunga aliye pale, Yvette iko wapi? Nani anamupalilia?"

Hakuna aliyecheka. Mama Hortense akamumiminia kahawa ya kwanza, hata haijaiva vizuri.

Trotwari hakuweza kuvumilia. "Papa, si ulikuwa unaenda kule kumusimulia mambo yako?"

"Yote. Hata ya tumbo langu."

"Basi Ilunga anakujua kupita daktari!"

Hapo hata Lokomotive akacheka, kahawa ikamupalia. Nikamupiga mugongoni, nikamuuliza ilikwishaje.

"Tulipigana maneno mupaka koo zikakauka. Halafu yule mama, jina lake Carmel, akakaa chini akaanza kulia. 'Kama si yeye,' akasema, 'siku zote nimekuwa nalilia nani?' Hasira ikaniisha palepale. Lile lilikuwa swali langu. Nikachukua burashi, nikaandika YVETTE chini ya ILUNGA."

"Vizuri!"

"Vizuri wapi? Ajenti wa komini akatufikia. 'Majina mawili kaburi moja ni ya bibi na bwana tu. Mulete karte ya ndoa.'"

"Ndoa ya nani?"

"Ya Yvette na Ilunga!"

Mama Hortense akashika kichwa. "Yesu! Umuozeshe muke wako ku malalo, na shahidi uwe wewe!"

"Akasema kuna njia nyingine: wawe ndugu wa tumbo moja. Mama Carmel akanitazama, nikamutazama. Tukajibu mara moja, 'Ni kaka na dada, chef!' Akaitika kwa kichwa, akaenda zake."

"Lakini mumoja wao hayuko pale," nikasema.

"Najua. Atakuwa jirani tu. Kwa hiyo kaburi zote za pembeni zisizo na jina tulizipaka rangi, tukaandika NDUGU. Hakuna muntu atawekwa juu yao."

Trotwari njo akanyoosha kidole.

"Ngojeni! Kama Ilunga ni kaka ya Yvette, Mama Carmel amekuwa shemeji yako. Na komini imekubali!"

Kabla hajajibiwa, mama mumoja akasimama ngʼambo ya barabara, jembe begani.

"Shemeji! Unakuja, ao unakunywa?"

Lokomotive akasimama haraka, benchi ikainuka upande na Trotwari nusura aanguke.

"Papa, na kahawa?" Mama Hortense akaita.

"Munywe nyinyi!" Sauti yake ilikuwa imerudi yote, gare nzima ikasikia. "Nilikuwa na marehemu mumoja. Sasa niko na ukoo muzima, na majani hayaningojei!"