Kwa Wenye Kiwanda cha Kifaa Kisichopenda Nyimbo

Kisangani, tarehe 9 Juni 2025.
Mwaka wa tatu sasa tangu nitoke kwetu, mto Lomami.

Kwa Wakubwa wa Kiwanda, huko ng'ambo.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote, ninyi na jamaa zenu, pamoja na mfanyakazi atakayeifungua barua hii kabla yenu. Ninaandika kwa Kiswahili. Najua hamkisomi. Lakini kifaa chenu nacho kiliniandikia kwa lugha nisiyoisoma, nikahangaika kutafuta mtu wa kunisaidia, kwa hiyo leo ni zamu yenu kuhangaika.

Jina langu ni Zacharie. Mimi ni mbebaji hapa bandarini Makiso. Tunapakua boti kubwa za mbao zinazopanda mto: mchele, mafuta ya mawese, kreti za bia. Nilisoma hadi darasa la tano, kisha baba akanipa kasia. Nilikuja mjini kutafuta kitu kimoja tu, nacho ni mota ya mtumbwi wa familia. Bila mota, samaki wetu wanafika soko la Isangi wakati wenzetu wameshauza na wameanza kunywa. Nilimwambia mke wangu Laurette kwamba sitarudi mikono mitupu. Yeye anasema mota yenye nguvu ya farasi nane inatosha. Mimi nasema kumi na tano, ili watu wa Isangi watusikie kabla ya kutuona.

Mwanzoni nilikuwa naweka dola ndani ya kopo chini ya kitanda. Panya akaonja kona zake. Labda hamjui: hapa kwetu dola yenye kona iliyochanika si pesa tena, ni picha ya mzungu mwenye nywele ndefu. Ndipo Franck, kijana mwenye kibanda cha kuuza yuniti za simu karibu na bandari, aliponiambia kuna pesa isiyo na kona, inakaa kwenye mtandao. Na kwa kuwa simu yangu imeshaanguka mtoni, akasema ufunguo wa pesa hiyo usikae kwenye simu, ukae ndani ya kifaa chenu kidogo. Kaka yake akakileta kutoka Kampala ndani ya soksi. Kinafanana na kiberiti cha gesi, ila hakiwashi sigara. Hilo si lalamiko. Malalamiko yangu ni haya:

1. Maneno yenu hayana adabu. Siku ya kukiwasha, kifaa kilinitolea maneno ishirini na manne, moja moja, kama mchoyo anayegawa karanga. Kikasema, kwa tafsiri ya Franck, haya ndiyo ufunguo wenyewe: kifaa kikifa, maneno yataifufua pesa. Sijui maana ya hata moja. Nimeyasoma jinsi yalivyoandikwa, kwa Kifaransa cha darasa la tano, na mtu wa kwenu akinisikia atadhani naumwa jino.

2. Mmeweka kikaratasi ndani ya boksi ili niyaandike humo. Waheshimiwa, mmewahi kulala Mangobo, mtaa ninaokaa, wakati wa mvua? Mchwa wamekula cheti changu cha ubatizo, wakaacha muhuri wa padri peke yake, nadhani kwa kuogopa. Karatasi kwangu ni chakula cha wengine.

3. Kwetu, kitu kisichotakiwa kupotea kinatiwa ndani ya wimbo. Babu yangu alijua kila fungu la mchanga na kila kisiki kutoka kwetu hadi Yanonge. Hakuandika hata kimoja. Alikuwa anaviimba, wapiga kasia wanaitikia, na mtumbwi wake haukukwama hata siku moja. Basi nami niliketi kibandani mwa Franck mchana kutwa, yeye amenipa kisogo kwa heshima, nikayatia maneno yenu ndani ya wimbo wa kubebea magunia. Maneno sita kwa ubeti, beti nne, na kila neno linaanguka pale mguu unapokanyaga ubao wa boti. Ni wimbo mzuri, nasema bila kujisifu. Baadaye sana ndipo Franck aliponisomea onyo lenu kwamba nisimwambie mtu. Onyo gani hilo linalofika mwisho? Ni kama mtu anayekuonya juu ya shimo wakati anakuvuta utoke.

4. Wimbo wa gunia hauimbwi na mtu mmoja. Nilijaribu kuuimba moyoni. Merdi, kapita wetu, yaani msimamizi wa kundi, ambaye ndiye mwanzishaji wa nyimbo, akanikemea mbele ya watu: "We Zacharie, unanunganunga nini kama mugonjwa? Imba tusikie, ama weka gunia chini!" Ningefanya nini? Nikaimba. Siku ya pili kundi zima lilikuwa linaitikia. Alexis, yule anayecheka hata mazishini, akaniuliza: "Papa Zacha, hii wimbo yako iko na nguvu, lakini inasema nini?" Nikamjibu ni wimbo wa kanisa. Mungu anisamehe. Naye akasema: "Alors iko kanisa gani, tuhamie kule?"

5. Kutoka hapo mambo yaliniponyoka. Mama Fortunée anayetuuzia kwanga, ule mkate wa muhogo, na samaki wa kuchoma anauimba anapoita wateja. Mabaharia wa boti wameushusha mtoni. Mwezi uliopita Laurette alinipigia simu kutoka sokoni Isangi, akaniita kwa jina la mtoto wetu kama kawaida yake, akasema: "Papa Benie, kuna wimbo mupya hapa, bana-boti wanasema imetoka kwenu Kisangani. Unaijua?" Akaniimbia beti tatu. Jasho likanitoka. Nikamwambia amalizie. Akaimba ubeti wa nne wote bila kukosea, na sauti yake ni nzuri kuliko ya Merdi. Nililia kidogo, Waheshimiwa, na si kwa sababu ya siri yenu.

6. Vitufe vyenu vimetengenezwa kwa ajili ya vidole vya watoto wachanga. Miaka ya kamba na magunia imevinenepesha vidole vyangu. Nikibonyeza kimoja nabonyeza viwili. Namba ya kufungulia nikaikosea, nikaikosea tena, mpaka kifaa kikajifuta chote na kunikaribisha kana kwamba hatujawahi kuonana. Hata mbwa aliyekula nyumbani kwako hakufanyii hivyo. Saa ile mota yangu yote ilikuwa imebaki kinywani mwangu tu. Nikakimbilia kwa Franck. Kifaa kikaanza kuniuliza maneno, lakini si kwa utaratibu: kinataka la kumi na tisa, halafu la nne, halafu la ishirini na mbili. Nani mwenye akili timamu anauanzia wimbo katikati? Kila swali nikalazimika kuimba kutoka mwanzo. Mara ya sita wateja walikuwa wanapiga makofi, mama wawili wanacheza, na Franck analia, "Tonton, pole pole, ile iko siri!" huku anauza yuniti kuliko siku ya sikukuu. Nilipofika neno la mwisho, pesa ikarudi yote. Sasa nawauliza: nani aliniokoa? Kikaratasi chenu?

7. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Mnataka mtu afiche jambo hata kwa mke wake. Kwetu, mtu anayeficha mambo yake peke yake, msiba ukitokea ndiye wa kwanza kuulizwa alilala wapi. Mnatufundisha tabia ya ndoki, ya mchawi. Tena fikirini: ubao wa boti umelowa, nina gunia kichwani, mguu unateleza. Siri yenu inazama pamoja nami, na Laurette anabaki na kijiti cha plastiki cha kuchezea watoto. Wimbo wangu hauzami. Mto mzima unaujua na hakuna anayejua ni kitu gani. Ni kama dhahabu iliyolala katikati ya barabara: watu wote wanaikanyaga wakidhani ni jiwe. Ninyi na elimu yenu mna sanduku gani la chuma lililo salama kuliko hilo? Na hata wangejua, kuna ubaya gani? Sisi wabebaji ni watu waaminifu. Katika kundi letu haijawahi kupotea hata kandambili. Ningeweza kuwaambia wote leo hii na kulala usingizi.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mfute pale mlipoandika usimwambie mtu, muandike mwimbie kila mtu. Kifaa kinachokuja kiwe na sikio, mwenyewe akiimba kifunguke, na akikosea sauti kimrekebishe kwa upole. Vitufe viwe vikubwa kama vifuniko vya chupa za bia. Na kwa kuwa jambo hili halieleweki kwa kuandikiana, mtume mhandisi mmoja mwenye shingo imara aje kubeba magunia nasi juma moja. Tutamfundisha kuitikia. Akirudi kwenu atakitengeneza upya kifaa chote, na nadhani hata ninyi mtamuona amebadilika. Chakula chake ni juu yetu, mabega ni yake.

Msichelewe kunijibu, kwa sababu mota ya farasi kumi na tano bado inahitaji subira, nami nimeshamwambia Laurette anitarajie Krismasi ya mwakani.

Nisalimieni walinzi wa kiwanda, wapishi, mama wanaofagia, na yule aliyechagua maneno. Mwambieni simchukii, ila apumzike. Wabebaji wote wa Makiso wanawasalimu, ingawa hawajui kwa nini.

Ni mimi, mwenye kifaa na mwenye wimbo,
Zacharie

N.B. Kabla ya kuituma barua hii nilimpa Merdi anisahihishie makosa, kwa sababu yeye alimaliza sekondari. Nilidhani atasoma kimya. Merdi hajui kusoma kimya. Aliisoma saa ya chakula, pale kwa Mama Fortunée, mbele ya kundi zima, kwa sauti ile ile ya kuanzishia nyimbo. Niliirukia karatasi, wakanishika mikono kwa kicheko. Waliipenda sana. Mama Fortunée aliomba sehemu ya mama wawili wanaocheza irudiwe. Merdi alipofika namba ya saba, kicheko kikapungua. Alipomaliza, watu wakawa wanatazama samaki wao. Kisha Alexis, ambaye safari hii hakucheka, akauliza pole pole: "Papa Zacha, mota ya quinze iko combien?" Yaani anataka bei ya mota ya farasi kumi na tano.

Mchana wote tumebeba magunia bila wimbo. Lakini midomo ya kila mtu ilikuwa inacheza.

Basi, Waheshimiwa, yafuteni yote niliyoyaomba. Lile neno lenu, usimwambie mtu, ni neno la hekima kubwa. Liandikeni kwa wino mwekundu juu ya boksi, mtu alisome kabla hajafungua. Mhandisi abaki nyumbani. Kuhusu jibu, msijisumbue. Kabla boti ya jioni haijafunga kamba nilipanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria, nikamwambia dereva akanyage kama anafukuzwa, na mbele ya macho ya Franck nikaitoa pesa yote kwenye kifaa chenu. Haya ninayaandika mbele ya duka, nimekalia mota ya farasi nane.

Alexis amekuja kunisaidia kuibeba hadi bandarini, na amekataa malipo. Ameiweka begani, ameanza kutembea, na anaimba beti zote nne. Kwa mara ya kwanza hakosei hata neno moja.

Boti inashuka Alhamisi. Jumapili, Mungu akipenda, nitakuwa nyumbani.