Kompyuta ya Masjala Inaniuliza Kama Nina Uhakika

Kwa Ndugu Mkuu wa Ofisi,
(Uliniagiza nisikuite Baba Mdogo saa za kazi, nami natii.)

Natumaini barua hii haitakukuta umeshakasirika kwa jambo lingine. Naileta kwa unyenyekevu, kuilalamikia kompyuta ya masjala.

Uliniambia niandike taswira ya diski yake, yaani nakala ya kompyuta nzima na kumbukumbu zote za ofisi, kwenye flashi yako nyekundu, kabla haijatufia. Dalili za kufa inazo: inakoroma. Nilichomeka flashi na kufuata maelekezo yote. Ndipo ikaniuliza: "Kila kilichomo kwenye flashi kitafutika. Una uhakika?" Tangu asubuhi swali liko kwenye kioo, nami niko mbele yake. Malalamiko yangu ni haya:

1. Swali hili ni kubwa kuliko cheo changu. Niliajiriwa kupanga majalada, kupokea wageni na kufanya "kazi nyingine utakazopangiwa". Kuwa na uhakika sikupangiwa.

2. Ndani ya flashi kulikuwa na picha za harusi ya dada, binti yako. Ulisema, "Andika tu, picha nilishazihamisha, nadhani." Kompyuta haina kitufe cha Nadhani. Ina Ndiyo na Hapana.

3. Mama Mdogo, aliponikabidhi flashi hiyo, alinishika mkono akasema, "Mwanangu, itunze kama yai. Picha zikipotea, wewe na baba yako mdogo mtatafuta pa kulala." Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Nyasi ni mimi.

4. Mpiga chapa, anayeisubiri kompyuta, hana huruma. "Bonyeza basi, bwana! Unaiposa?" Foleni imefika mlangoni, na mzee mmoja ameniuliza kwa upole kama nimefiwa.

Kwa hiyo naomba aajiriwe Afisa Uhakika, mwenye meza, mhuri na bima ya maisha. Chini yake awepo naibu, wa kuhakikisha kwamba Afisa ana uhakika. Ikishindikana, iundwe kamati, nami nitaichemshia chai. Mpaka hapo sibonyezi kitu, hata kompyuta ikate roho. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Wasalimie wote huko kikaoni. Mama Mdogo msalimie pia, ila kwa sauti ya chini.

Wako mtiifu na mwenye mashaka,
Karani wa Masjala

Tanbihi (kwa kalamu): Baba Mdogo, barua hii niliichapa kwenye kompyuta hiyohiyo, baada ya kulisogeza lile swali pembeni. Nilipotaka kuitoa kwenye printa, nayo ikaniuliza lake. Maswali yakawa mawili. Nikabonyeza Ndiyo kwa yote mawili, bila kusoma. Barua imetoka safi. Nakala ya kompyuta imekamilika, na kwenye flashi hakuna kingine. Sasa Baba Mdogo, kuhusu zile picha ulizozihamisha: una uhakika?