Sumaku Yangu na Tangi la Masanja

Leo nimejivua nguo. Mchana kweupe, mbele ya wanawake kumi na wawili, na mmoja wao nimemwoa.

Mimi nilisoma uhandisi chuo kikuu, ingawa siku hizi nafundisha fizikia hapa Ifakara. Mwaka jana akina mama wa mtaa wa Viwanja Sitini, wanaotia chumvi samaki wa Malinyi, waliniomba niwatengenezee tangi la kulowekea. Bati la stenlesi, lile lisiloshika kutu, nilichagua mwenyewe. Mwaka huu wakasema samaki wameongezeka, wanataka tangi la pili. Wakampa kazi Masanja!

Masanja ni fundi wa kuchomelea. Msukuma, kijana, darasa la saba, mabega kama mlango. Mke wangu ni katibu wa kikundi, na kila jioni nyumbani habari ni hiyo hiyo. "Masanja haongei, anafanya." (Mimi naongea.) Halafu kuna suala la sabuni. Mche mmoja kwetu ulikuwa unakaa wiki mbili. Sasa siku nne. Na overoli ya Masanja, kwa mtu anayeshinda na vyuma, ni safi mno. Nikajumlisha. (Ndiyo faida ya kusoma.)

Leo tangi lake lilikuwa linakaguliwa. Nikaenda na sumaku mfukoni, niliyoing'oa kwenye spika ya redio kaseti. Hapa kwetu stenlesi hupimwa hivyo: sumaku ikinasa, umeuziwa feki.

"Shikamoo mwalimu," akasema Masanja.

"Marahaba." (Kwa shida.)

Nikapitisha sumaku kwenye kona. Ikanasa! Kinyonge, lakini ikanasa.

"Feki!" nikapaza sauti. "Akina mama, mmeletewa bati la ndoo!"

Masanja hakukasirika. Hilo likaniudhi zaidi.

"Hapo ni penye mshono, mwalimu. Nilipochomelea huwa panavutwa kidogo. Weka katikati."

Katikati haikunasa. Iliniangukia mguuni.

"Na kwa kazi ya chumvi, sumaku haikusaidii," akaendelea kwa upole. "Stenlesi ziko nyingi. Ile ya kawaida, tatu-sifuri-nne, inafaa maziwa, inafaa uji. Chumvi inaitoboa vitundu. Hii ni tatu-moja-sita, ina madini ya molibdeni, inavumilia. Na zote mbili sumaku hainasi."

Jamani, hayo niliyajua! Niliyaandika kwenye mtihani wa mwaka wa tatu, nikasifiwa. Lakini siku ya kununua bati nilikwenda dukani na sumaku, madaftari nikayaacha sandukuni.

Mwenye akili angeaga. Mimi nikasema, "Basi njooni kwenye langu! Mwaka mzima, halijavuja tone!"

"Baba Tumaini," mke wangu akasema, "usiliguse."

"Kwa nini?"

"Usiliguse tu."

Nikaligusa. Nikaburuta sumaku ubavuni kwa madaha, toka juu hadi chini, huku nimewageukia watazamaji. Haikunasa popote. Ila ilikwangua kitu laini, na maji ya chumvi yakaruka yakanilowesha suruali, mbele, pale ambapo mtu mzima hapendi kulowa.

Kisha mwenyekiti, Mama Magreti, akakohoa.

"Pole mwalimu. Huwa tunaziba na sabuni. Sasa vitundu vimefika tisa."

"Tangu lini?"

"Tangu masika."

Nikamgeukia mke wangu. "Sabuni ya wapi?"

"Ya nyumbani. Ningekuambiaje, Baba Tumaini? Kila mgeni akifika, kabla hajanywa maji unamleta hapa kumwonyesha tangi."

Masanja alikuwa ameshachutama, kidole ndani ya tundu. (Haongei, anafanya.) Nikaona nimalize yote siku moja.

"Masanja, hiyo overoli yako anafua nani?"

"Mimi mwenyewe, mwalimu. Kwani vipi?"

Hapo wanawake kumi na mmoja wakaangua kicheko. Wa kumi na mbili akafunika uso kwa khanga.

Nimerudi nyumbani kwa njia za uani. Suruali imekauka, imekakamaa kama samaki wa Malinyi, na sabuni ya kuifulia hakuna. Naomba msicheke, au angalau chekeni kwa zamu: mke wangu alijizuia tangu masika, na huko jikoni bado hajamaliza.